Mguu wa Kulia

Mjukuu wangu aliniahidi mbele ya mjomba wake kwamba hatanunua pikipiki ya spoti mpaka niione kwa macho yangu. Nikishaiona nitatamka neno moja tu, ndiyo au hapana, naye hatabisha. Ndivyo tunavyofanya nyumbani kwangu. Mimi sijibu jambo kwa kusimuliwa. Napelekwa, natazama, nanyamaza, kisha nasema mara moja. Nikishasema, hata mtu alale chini agaegae, sirudi nyuma.

Tulikwenda kwa gari la mwanangu, ambaye ndiye huyo mjomba mtu. Alikuwa anaendesha huku anapiga mluzi, maana alijiona analijua jibu langu. Mjukuu alikaa nyuma na helmeti mapajani, anabandua ukucha wa kidole gumba. Huyu tunamwita Sindano. Majirani walimpa jina hilo tangu mdogo, kwa ule wembamba wake na kwa ule mdomo.

"Mama," mwanangu akasema, "leo usijichoshe. Hapana tu, turudi tukale."

"Bibi bado hajaona," Sindano akajibu huko nyuma.

"Ataona nini? Jeneza lenye magurudumu?"

"Mjomba, wewe usukani wa gari unaushika kama kuku anayetaka kutoroka. Usinifundishe barabara."

Mluzi ukakatika. Mimi nikatazama dirishani.

Ukweli ni kwamba hapana yangu ilikuwa imeshaiva, nilikuwa nangoja tu kufika ili isionekane nimeichuma mbichi. Binti yangu, mama yake Sindano, alinifia mikononi kwa ugonjwa. Nililea alichoniachia. Kila nilipowaona wale vijana wanaolala juu ya tangi la mafuta na kupita kama jiwe lililorushwa, nilimwona Sindano. Sikuwa na nguvu za kuzika tena.

Lakini na Sindano naye alikuwa na yake. Nje ya mji kuna uwanja ambako mwalimu mmoja mwanamke anawafundisha wasichana kuendesha pikipiki za spoti, kukata kona, kushika breki, mambo hayo. Alimtazama Sindano siku moja akamwambia, wewe una mkono mwepesi, njoo na pikipiki yako nikufundishe. Tangu siku hiyo mtoto hakulala vizuri. Akawa anatengeneza simu za watu mpaka macho yanamwuma, anaweka akiba. Hakuwahi kunililia kitu utotoni, hata viatu. Hiki ndicho kitu cha kwanza alichokitaka mpaka kikamtoa machozi, na mimi ndiye niliyekishika kooni kwa neno moja.

Kuendesha alijifunza kwangu. Sisi tunafuga kuku wa mayai, na tuna pikipiki ndogo kuukuu ya kusambazia madukani. Sindano alipopata leseni akawa dereva, mimi nikawa abiria. Pikipiki haitoki bila mimi, hiyo ni sheria. Ni ya mayai, si ya matembezi. Kwa hiyo kila asubuhi napanda nyuma yake, nakaa upande kwa sababu ya sketi na ya nyonga zangu, miguu yote miwili kushoto, trei zimefungwa kwa mpira mapajani, na kapu linaning'inia huko huko kushoto. Hajawahi kunivunjia trei. Anashika breki kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Basi tukafika kwa muuzaji. Ukumbi wa vioo, unanuka mpira mpya na nta, pikipiki zimepangwa safu safu, magurudumu ya mbele yote yamegeuzwa upande mmoja. Muuzaji alikuwa mtu wa tumbo, kijiti cha meno mdomoni.

"Shikamoo, Bibi. Umekuja kuchagua ya kwako?"

"Marahaba. Mimi ninayo. Inakunywa kuliko marehemu mume wangu."

Akacheka mpaka kijiti kikamdondoka. Akatupitisha nyuma, kwenye uwanja wa saruji wanakojaribia. Umezungushiwa ukuta, na chini ya ukuta wamelaza matairi makuukuu. Katikati kuna pipa la chuma. Sakafu yenyewe inainama upande mmoja ili maji ya kuoshea yaende mtaroni.

Pikipiki zilizotolewa zilikuwa mbili. Moja kubwa, nyekundu, imevimba mabega kama fahali. Nyingine bluu, nyembamba, ina mchubuko kwenye plastiki ya ubavuni. Wenyewe wanazipima kwa ukubwa wa injini. Ile nyekundu ni mia sita, hii ya bluu mia tatu. Yetu ya mayai haifiki hata mia na hamsini.

Sindano hakuitazama ya bluu. Macho yalimganda kwenye nyekundu.

"Macho yako hayajakosea," muuzaji akasema. "Hii ndogo utaichoka upesi, utarudi hapa kunililia. Chukua hii kubwa ukue nayo."

"Akue nayo?" mwanangu akadakia. "Kwani ni kaptula ya shule?"

"Mzee, watu wanazoea."

"Na wasiozoea wako wapi? Mbona huwaleti tuwasikie nao?"

Muuzaji akageuka kwangu, nadhani akitafuta mtu wa kumwokoa. Mimi nilikuwa nimekunja mikono. Sindano akavaa helmeti.

Akapanda ile nyekundu. Nilitazama chini, kwenye viatu. Visigino vilikuwa hewani. Zilizogusa saruji ni ncha tu za vidole. Injini ikawaka. Mlio wake haukuja masikioni, ulikuja kifuani, na nyayo zangu zikausikia kupitia sakafu. Nikasema moyoni, hapana yangu hiyo, haina haja ya kuona zaidi. Lakini desturi ni kuona mpaka mwisho.

Akaachia klachi. Ikaruka kidogo kama mbuzi aliyechapwa, akaituliza. Akazunguka pipa kwa upande wa kushoto, mara ya kwanza, mara ya pili. Vizuri. Vizuri mno, hata mwanangu akaacha kutikisa kichwa. Chini ya kile kioo cha helmeti niliyaona macho yake, yanacheka.

"Sasa zunguka kwa kulia!" muuzaji akapaaza sauti. "Kisha usimame pale kwenye mtaro!"

Akageuka kwa kulia. Hapo kitu kikabadilika. Pikipiki ikalala kuliko alivyotaka, akaikurupusha, ikalala tena, akaenda amepinda mpaka mwisho wa uwanja. Akafika mtaroni akashika breki. Mguu wa kushoto ukashuka kama kawaida yake. Lakini pale sakafu inainamia kulia. Pikipiki ikaanza kwenda kulia.

Haikwenda kwa haraka. Ilijilaza polepole kama mtu mzima anayetafuta mto. Na mguu wake wa kulia ulibaki juu ya breki. Haukushtuka, haukushuka, ulikaa pale kama si wake.

"Mguu!" muuzaji akapiga kelele. "Mguu!"

Ikaanguka naye. Bega lake likapiga matairi, na pikipiki ikamlalia mguu. Mkono ulikuwa bado umeng'ang'ania mafuta. Injini ikalia kilio cha kupasua paa, gurudumu la nyuma likazunguka hewani karibu na paja lake. Muuzaji akajitupa na tumbo lake lote, akabonyeza swichi nyekundu ya kwenye usukani. Kimya kikaja mpaka masikio yakaniwasha.

"Usimvute!" nikamwambia mwanangu, maana alikuwa ameshamkamata kwapani. "Nyanyueni chuma kwanza."

Wakainyanyua, mmoja mbele mmoja nyuma, mishipa imewasimama shingoni. Sindano akautoa mguu. Nikapiga magoti nikaupapasa kuanzia goti hadi vidole, kama ninavyopapasa kuku aliyeangukiwa na banda. Alipaswa kulia niliposhika goti, akalia. Alipaswa kuvichezesha vidole, akavichezesha. Haukuvunjika.

Muuzaji alikuwa anaizunguka pikipiki. "Kioo tu kimejikunja," akasema, akakirudisha. "Matairi haya yameokoa wengi." Kisha akaona namna mwanangu anavyomtazama, akafunga mdomo.

"Basi," mwanangu akasema. "Basi, yamekwisha. Twende. Na wewe Sindano, mshukuru Mungu, maana hilo lilikuwa uwanjani. Ingekuwa barabarani kuna lori nyuma yako, sasa hivi tungekuwa tunaulizana nguo ulizovaa."

Sindano akavua helmeti. Nilimngojea ajibu, amchome kama kawaida yake. Hakumchoma. Uso ulikuwa umemshuka, midomo imekauka.

"Bibi, turudi nyumbani," akasema. "Siwezi. Nilijidanganya."

Haya. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka bila hata kufungua mdomo. Hapana yangu sikuihitaji tena, kaisema mwenyewe. Ningeinuka, ningejipangusa magoti, tungekwenda kula. Angeendelea kunibebea mayai, na usiku ningelala.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimejua kwa nini ameanguka.

Ule mgongo naujua. Ndio ninaoutazama kila asubuhi, hauna mshono nisioufahamu. Na pale kwenye ile pikipiki kubwa, peke yake, alikaa vile vile anavyokaa akiwa na mimi: bega la kulia chini kidogo, makalio yamesogea kulia, kama anamvuta mtu aliyening'inia kushoto. Anayening'inia kushoto ni mimi. Mimi na kapu. Tangu aanze kuendesha, kila anaposimama uzito wote unaangukia kushoto, mguu wa kushoto unashuka kuupokea, na wa kulia unabaki zake kwenye breki, hauna kazi nyingine duniani. Hakuwahi kuendesha pikipiki yenye mtu mmoja. Hakujua kwamba nusu ya uendeshaji wake ni kunibeba mimi.

Nikinyamaza, ataamini maisha yake yote kwamba hawezi. Nikisema, ataweza, na akiweza atakwenda.

Nilibaki pale chini, mkono wangu kwenye goti lake. Mwanangu akanishika bega. "Mama, inuka."

"Ngoja."

"Ngoja nini?"

"Sindano, kanionyeshe unavyokaa."

"Bibi, nimesema siwezi."

"Nimekusikia. Kanionyeshe unavyokaa. Kwenye ile ya bluu, injini ikiwa imezimwa."

"Mama!" Mwanangu akaja mbele yangu. "Wewe si husema mara moja tu? Ndiyo au hapana?"

"Sijasema bado. Hii ni habari ya mguu."

Sindano akachechemea mpaka kwenye ile bluu, akapanda shingo upande. Nikasimama nyuma yake, mahali pangu pa siku zote, ila safari hii nilikuwa nimesimama na miguu yangu mwenyewe. Nikamshika kiuno nikamsogeza.

"Umekaa kulia. Rudi katikati."

"Niko katikati."

"Hauko. Mimi ndiye nisiyekuwepo."

Akajitazama mapaja, akatazama tangi lililo katikati, akaona moja limebaki na nafasi na jingine halina. Polepole akasogea.

"Sasa najiona nimeinama kushoto," akasema.

"Hujainama. Ndivyo mtu aliye peke yake anavyokaa. Sasa shusha mguu wa kulia."

Ukashuka wa kushoto.

"Wa kulia, mke mwenzangu."

Ukashuka wa kushoto tena. Akacheka kidogo, kicheko cha kujionea aibu. Muuzaji, ambaye alikuwa anatusikiliza kijiti kikiwa kimesimama mdomoni, akaja. "Lo! Bibi, hili sikuliona. Mimi nilidhani ni woga." Akashika usukani kwa mbele, akawa anaisukuma pikipiki kulia na kushoto bila kumwonya, naye Sindano anatakiwa kuipokea kwa mguu wa upande ule. Walikosea, wakarudia, wakakosea. Goti lilikuwa linamwuma, niliona anavyouma meno. Mwanangu alikuwa amesimama karibu na mlango, ametupa kisogo, lakini kila mguu uliposhuka sawa shingo yake iligeuka.

Kisha wakawasha injini.

Alikwenda kwa kulia. Mara ya kwanza alijisahau akalala mno, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa ameshaituliza, anazunguka tena. Ya pili ikawa nafuu. Halafu akashuka kuelekea mtaroni, pale pale. Muuzaji alitembea kando yake amenyoosha mikono kama anamfuata mtoto anayejifunza kutembea. Breki. Pikipiki ikaanza kuinamia kulia. Kwa kitambo nikaona mguu umelala pale kwenye breki.

Ukashuka. Kiatu chote, kisigino na vidole, pwaa kwenye saruji. Pikipiki ikatulia.

Hakuna aliyepiga makofi. Akaondoka akarudia, akarudia mpaka muuzaji akashusha mikono yake.

Ndipo akazima, akavua helmeti, akaitazama ile nyekundu. Nilijua inakuja.

"Bibi, na ile kubwa? Kama kosa lilikuwa la mguu, si sasa najua?"

Muuzaji akafungua mdomo. Nikamtazama. Akaufunga.

"Kaipande," nikasema. "Hapo kwenye mteremko. Usiwashe. Shusha mguu wa kulia, kisha uniambie wewe."

Waliipeleka mtaroni, muuzaji akaishika kwa nyuma. Sindano akapanda, akakaa katikati, akashusha mguu wa kulia. Mguu ulifanya kila ulichofundishwa. Lakini chini palikuwa mbali. Vidole viligusa, kisigino kikabaki kinaning'inia, na goti lenye maumivu likaanza kucheza. Akakaa hivyo kwa muda. Hakuna aliyemharakisha. Mwishoni akamwambia muuzaji, "Ishike vizuri, nashuka." Akalipapasa tangi kama mtu anayeaga.

"Bado," akasema. "Mguu nimeupata, lakini ardhi sijaipata. Pengine mbeleni." Akanigeukia. "Nachagua ya bluu. Sasa useme, Bibi."

Wote wakanitazama. Mwanangu akaja akasimama mbele yangu, macho mekundu.

"Mama, mdomo wako ukisema ndiyo na mtoto akapata lolote, utamlaumu nani?"

"Mtanilaumu mimi."

"Na hilo unalijua?"

"Nalijua tangu tuko garini."

Nilimtazama Sindano. Hakunibembeleza, hakukunja mikono, hakutoa machozi. Alikuwa amesimama sawasawa, uzito umegawanyika miguu yote miwili, anangoja kupokea lolote. Kama ningesema hapana angeinamisha kichwa angeingia garini, na nisingemsikia akilitaja tena mpaka nife. Hilo ndilo lililonishinda.

"Ndiyo," nikasema.

Mwanangu akatoka bila kuaga mtu.

Tulimkuta ndani ya gari, ameshawasha. Sindano alimaliza yake na muuzaji, akafunga helmeti, akatoka kwa geti la upande. Sisi tukamfuata. Mwanangu aliwasha taa zote zinazowaka, akawa anaendesha karibu naye kama anamsindikiza mgonjwa. Mimi nilikuwa nimeshika kishikio cha mlango. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona ule mgongo kwa mbali, mdogo vile, watu na magari yanaupita pande zote.

Kwenye makutano akakata kulia. Alikata vizuri. Lori likaingia kati yetu naye, limejaa mchanga, likaziba kila kitu. Mwanangu akakanyaga mafuta, akachomoa pua ya gari kutaka kulipita.

"Mwache," nikasema.

"Simwoni, Mama!"

"Hata mimi simwoni. Rudi kwenye mstari wako. Twende nyumbani."

Akarudi. Tulipofika, pikipiki haikuwapo. Nikawamwagia kuku maji, ingawa walikuwa nayo. Mwanangu alisimama barabarani, mikono kiunoni, anaangalia kule na huku. Kila chombo kilicholia alinyoosha shingo, kisha akaishusha. Nikaja nikakaa kwenye ngazi, nikachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

"Angekuwa ameshafika," akasema.

Nikatoa punje moja, nikairudisha.

"Mama, nasema angekuwa ameshafika."

"Nimekusikia, mwanangu."

Jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili ndipo tukausikia mlio, si kutoka upande wa mjini tulikokuwa tunaangalia, bali kule chini, kwenye barabara ndefu inayozunguka mashamba. Ulikuwa mwembamba, unashuka gia moja baada ya nyingine, bila haraka. Mtoto alikuwa amejipa matembezi.

Niliinuka ghafla. Mchele wote ulikuwa umemwagika miguuni. Mwanangu ndiye aliyekwenda. Geti letu lina kimlango cha watu ambacho pikipiki inapita bila taabu. Yeye akatoa komeo, akafungua mbao zote mbili kubwa, akazisukuma mpaka ukutani, akasimama kando akizishika zisirudi.